Masikio ya Bwana Gero

Svilen alikuwa anaishi kwa ulimi. Wengine katika mji wetu wa Sofia huuza asali, wengine huuza soksi za sufi mbele ya kanisa kuu. Yeye aliuza maneno, tena kwa Kiingereza, akitembea kinyumenyume mbele ya wageni huku ameinua mwavuli wa kijani ili wasimpotee. Asubuhi aliwakusanya kwenye sanamu za simba wa mahakama, akawapitisha kanisa la Nedelya, akawaingiza ua wa ikulu kuona kanisa la mviringo la matofali mekundu, akawatokeza kwenye msikiti na hamamu ya zamani, wakanywa maji ya moto bombani na kukunja nyuso, halafu akawapandisha kwenye ile barabara ya mawe ya njano mpaka kwenye kuba za dhahabu za kanisa kuu. Huko aliwashukuru, akavua kofia, na kofia ikarudi na chochote walichojaliwa.

Majengo yetu ni ya kweli na ni ya kale, na hapo ndipo ilipo shida yake. Mgeni ukimwambia karne ya nne, halafu karne ya kumi na sita, halafu Warumi, halafu Waturuki, macho yanamlegea. Svilen aligundua mapema kwamba watu hawafungui pochi kwa sababu ya karne. Wanaifungua wakicheka.

Kati ya hamamu na mawe ya njano kuna kichochoro chenye nyumba ya ghorofa nne, ya kabla ya vita, rangi imebabuka ukutani. Haimo katika ramani ya watalii. Svilen alisimama hapo kwa sababu ya mlango. Ulikuwa mlango mkubwa wa mbao, na ubao wake mmoja ulijaa karatasi za misiba.

"Hapa kwetu," aliwaeleza, "mtu akifa, ndugu zake wanachapa karatasi yenye picha yake na kuibandika mlangoni, kwenye mti, kwenye kituo cha tramu. Siku arubaini zikipita, karatasi nyingine. Nusu mwaka, nyingine. Mwaka, nyingine. Mtu wa Sofia haondoki upesi. Na karatasi hizi hazibanduliwi na mtu. Kuzibandua ni kazi ya mvua na upepo."

Wageni walinyamaza, wakazitazama nyuso zile za wazee waliovaa tai. Ukimya ule ulikuwa mzuri, na mtu mwenye busara angewaacha nao kidogo wakaendelea na safari. Lakini kwa Svilen ukimya ulikuwa hasara, na siku moja ya majira ya baridi, ili auvunje, alimchagua mmoja ubaoni. Alikuwa mzee mwembamba, Gero Stamenov, aliyetoka kutimiza arubaini yake. Uso wake ulikuwa wa kawaida kabisa. Masikio ndiyo hayakuwa ya kawaida: yalikuwa makubwa, yamesimama kando ya kichwa kama mipini ya sufuria.

"Mtazameni Bwana Gero," alisema Svilen. "Serikali ya zamani, ile ya Wakomunisti, haikuhitaji mitambo ya kunasa maneno katika mtaa huu. Ilimtoa Bwana Gero kwenye baraza, ikamgeuza upande wa upepo, basi." Akaweka viganja nyuma ya masikio yake mwenyewe, akaizungusha shingo polepole, akasema kwa sauti ya puani: "Ndugu kanali, ghorofa ya tatu wanakaanga vitunguu bila kibali."

Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Siku ile kofia ilirudi nzito.

Kuanzia hapo, Bwana Gero akawa kituo katika safari, sawa na msikiti na makanisa. Svilen hakumjua mzee yule, wala hakuwa na ubaya naye. Alichojua ni kwamba wageni wanapenda wapelelezi. Mji wowote wa upande wetu huu ukimpa mgeni kanisa bila mpelelezi, anaona kapunjwa. Na nani angembishia? Wazee wa kichochoro kile shuleni walifundishwa Kirusi, na Kiingereza kwao ni kelele tu. Msema pweke hakosi, na Svilen alikuwa akisema peke yake katikati ya mji wake mwenyewe.

Kitu kimoja tu kilimsumbua kidogo. Ghorofa ya pili kulikuwa na dirisha, na dirishani kikongwe mmoja mwenye sweta la zambarau, aliyewapungia mkono kila walipofika. Mara ya kwanza Svilen alishtuka. Mara ya pili aliwaambia wageni wampungie pia. Baada ya hapo ikawa desturi: kundi zima linanyoosha mikono, kikongwe anacheka, halafu wote wanageuka kwenye karatasi kusikiliza habari za masikio.

Mwezi wa tano, siku ya nusu mwaka wa Bwana Gero, kikongwe hakuwa dirishani. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia.

"Samahani, kijana," alisema. "Wewe ndiye unayewaleta hawa?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Mimi naitwa Tsonka. Huyu ni mume wangu." Akaigusa karatasi kwa kidole, penye shavu.

Nyuma yake wageni walikuwa wanatabasamu, wanasubiri.

"Nimekuwa nawaona toka juu," Bibi Tsonka aliendelea. "Mwanzoni nikasema, labda wanautazama mlango, maana mlango ni wa zamani. Halafu nikaona, aa, wanapiga picha karatasi yake. Za wengine hawapigi. Kwa hiyo unawaeleza habari zake."

"Nawaeleza... kidogo."

"Ulimjua?"

Hapo ndipo mtu mwingine angesema hapana. Svilen alilitafuta neno hilo akalikosa. "Kwa mbali tu, bibi."

"Kwenye tramu," alisema bibi, kama anayemsaidia. "Lazima ni kwenye tramu. Ameendesha ile ya kwenda stesheni ya reli maisha yake yote. Ulikuwa mwanafunzi?"

"Ndiyo. Kwenye tramu."

Mtu anayetaka kuamini hukutungia uongo mwenyewe, kazi yako inabaki kuitikia. Bibi alitikisa kichwa kwa furaha, kisha akakunja uso. "Ila kitu kimoja nakuuliza, usinifiche. Mbona wanacheka?"

"Nawaambia..." Svilen aliutazama mwavuli wake. "Nawaambia alikuwa mtu wa mizaha."

"Gero? Mizaha?"

"Ndiyo, bibi."

Kikongwe akamtazama muda mrefu, na Svilen akaona kwamba sasa amekamatwa. Lakini uso wa bibi ulilainika, macho yakajaa maji. "Basi ulimjua kweli," alisema. "Humu ndani hakuna aliyelijua hilo. Ngazini alikuwa kama ukuta, hasemi. Lakini jikoni kwangu, mwanangu, alikuwa ananivunja mbavu. Mwenyewe aliyacheka masikio yake. Anasema, Tsonka, Mungu kanipa masikio ya tembo na la kushoto halisikii kitu, kanidhulumu."

Kwenye sinia kulikuwa na vikombe vidogo vya ngano ya kuchemsha, yenye sukari na kokwa za jozi zilizosagwa, chakula tunachogawa kwa ajili ya marehemu. Bibi alimpa kila mgeni. Anayepewa husema, "Mungu amsamehe," naye Svilen akawafundisha wageni maneno hayo, neno kwa neno. Waliyatamka vibaya, kwa heshima, mmojammoja, na Bibi Tsonka akawa anajifuta macho kwa ncha ya sweta. Svilen naye alipewa kikombe chake. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda toka tumboni mpaka kwenye nywele, na akaapa moyoni kwamba hataitaja tena habari ya masikio.

Kiapo hicho kilidumu kama wiki. Wageni wenyewe walikuwa wameshaandikiana mtandaoni, na wengine walifika kwenye simba wa mahakama wakiuliza kabla ya salamu: mzee wa masikio yuko wapi? Siku ya kwanza alijifanya hakusikia, na kofia ikarudi nyepesi. Siku ya pili mama mmoja wa Kidenmaki alionekana kuhuzunika kabisa, kana kwamba ameibiwa. Siku ya tatu Svilen aliwasimamisha upande wa pili wa kichochoro, akaupa mlango mgongo, akasema yale yale kwa sauti ya chini. Nao walicheka vile vile. Juu, bibi akapunga mkono.

Namwita mwoga, na sioni sababu ya kumwita jina jingine. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kaka yake figo. Lakini uoga wa mdomo ni ugonjwa wa peke yake, hata watu wazuri wanaupata.

Mwisho wa mwezi wa sita alikuwa anajaza chupa kwenye mabomba ya maji ya moto nyuma ya msikiti, pale wenyeji wanapokuja na madumu yao, alipoitwa.

"Kijana wa mwavuli. Hebu njoo."

Alikuwa mzee nadhifu, kofia ya majani, kiatu kimepigwa rangi. Svilen alimtambua: ni wa ghorofa ya chini katika nyumba ile, dirisha lake liko pembeni mwa mlango, lina pazia jeupe. Alijitambulisha kwa jina la Evlogi.

"Nimefanya kazi ya biashara ya nje miaka mingi," alisema Bwana Evlogi huku akifunga dumu lake. "London, Rotterdam. Kiingereza chako kizuri. Ile sauti ya puani hasa."

Svilen akacheka kicheko kikavu. "Mizaha tu ile, mzee."

"Mizaha. Sawa." Bwana Evlogi alisogea karibu. "Mwaka wa themanini na tano, kijana wa ghorofa ya tatu alichukuliwa. Aliropoka mezani kwake, ndani kwake, mlango umefungwa. Alivyorudi alikuwa hana meno ya mbele wala hana hamu ya kusema na mtu. Sasa nani alisikia? Chini yake anakaa nani? Gero. Na Gero unayaona masikio yake. Ushahidi hatukuwa nao. Tuliacha tu kumsalimia."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka kafa. Ila miaka hii ya mwisho watu walianza kuyumba. Wanasema, labda tulimwonea, mbona faili za serikali zimefunguliwa na hajatajwa popote. Hata mimi, kijana, hata mimi. Alipolazwa nilinunua machungwa. Nilitaka kwenda kumwomba radhi. Nikaahirisha, akafa, na yale machungwa yakaniozea mezani." Alifuta mdomo wake. "Nimekaa na jambo hilo kifuani majira yote ya baridi. Halafu nakusikia wewe nje ya dirisha langu, na kitambulisho chako shingoni, mtu wa historia. Nikasema, afadhali sikwenda. Nimewaambia watu wa ngazi nzima. Lisemwalo lipo. Sasa niambie kitu kimoja tu: nani kakuambia?"

Maji yalikuwa yanafurika kwenye chupa ya Svilen na kumwagikia viatu, ya moto, naye hakuhisi. Jibu lilikuwa fupi. Hakuna aliyeniambia, mzee, nilitunga. Alilisikia likipita kichwani, maneno manne, yamepangika vizuri. Kilichotoka ni kingine.

"Watu wanasema," alisema.

"Ndivyo nilivyojua," alijibu Bwana Evlogi, akabeba dumu lake akaenda, mabega yameshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Watu wanasema. Watu gani? Watu hao alikuwa ni yeye mwenyewe na mwavuli wake. Svilen alibaki bombani mpaka wanawake wa foleni walipomfokea asogee. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Yeye alikuwa amejikwaa mara mbili palepale, na safari hii alikuwa ameona jiwe. Usiku alilala akimwona mzee mwembamba akipanda ngazi, mwaka baada ya mwaka, katikati ya milango isiyomsalimia.

Basi alifanya wanalofanya waoga. Alibadilisha njia. Kiangazi chote aliwapitisha wageni upande wa soko, na yeyote aliyeuliza habari ya masikio aliambiwa karatasi ile imechukuliwa na mvua.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi yenye ukungu, Bibi Tsonka alimfuata mwenyewe kwenye simba wa mahakama. Alikuwa amevaa koti lake la kutokea, lenye kola ya manyoya, na viatu vyake vilikuwa vimelowa kwa mwendo.

"Ulikuwa unaumwa?" aliuliza.

"Hapana, bibi. Njia... walikuwa wanaitengeneza njia."

"Kichochoro chetu hakijatengenezwa toka nilipoolewa." Hakusema kwa ubaya. "Nimekuja kukwambia, Jumamosi Gero anatimiza mwaka. Uje. Ulete watu wako. Nimewaita na majirani, wote, nimegonga kila mlango."

"Majirani watakuja, bibi?"

"Watakuja, kwa sababu wana udadisi." Alisoma jina kwenye kitambulisho shingoni mwake, halafu akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Mwanangu, wewe ni mtoto, hujui. Miaka thelathini na zaidi hakuna aliyegonga mlango wetu, hata sikukuu. Kwenye mazishi walichungulia kwenye mapazia. Kulikuwa na neno walimbandika, neno chafu, na halikuwa lake. Sikuambii ni neno gani, sitaki mdomo wangu ulitaje. Nataka Jumamosi wasimame pale mlangoni wasikie jinsi anavyokumbukwa na watu wa dunia. Yale unayowaambia wageni, mara hii uyaseme kwa lugha yetu. Hayo tu nakuomba."

Svilen akaitikia. Angefanya nini?

Siku zile mpaka Jumamosi hakula vizuri. Njia zilikuwa mbili. Akimsifu mzee kwa Kibulgaria mbele ya majirani, Bwana Evlogi atasimama aseme, mbona kwa Kiingereza unasema mengine, na bibi atayasikia hayo kwa kinywa cha adui. Akinyamaza, au asipotokea kabisa, bibi atabaki na furaha yake ya dirishani, na mume wake atabaki mpelelezi katika ngazi ile mpaka nyumba ibomolewe. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona.

Jumamosi alikwenda na kundi dogo la Wadenmaki waliofunga skafu mpaka puani. Majirani walikuwa wameshasimama mlangoni, wazee watupu, mikono mifukoni, hawatazamani. Bwana Evlogi alikuwa nyuma yao, kofia mkononi. Meza ndogo ilitolewa nje, juu yake sinia la ngano, mkate na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda.

Na ubaoni kulikuwa na karatasi mpya ya Bwana Gero, ya mwaka mmoja. Picha ni ile ile. Chini ya jina la mkewe kulikuwa na mstari umeongezwa. Svilen aliusoma mara moja, akausoma tena. "Familia inamshukuru Bwana Svilen Tashkov, ambaye kila siku huwasimulia wageni wa mji wetu habari za maisha yake ya uaminifu." Karatasi yote ilikuwa imevishwa mfuko wa nailoni na kupigiliwa pembe nne kwa misumari midogo.

"Nimeivisha nailoni," Bibi Tsonka alimnong'oneza, "mvua isije ikaharibu jina lako."

Akagawa ngano. Wageni walipokea. Majirani walivichukua vikombe kwa aibu, wakavishika bila kula. Bwana Evlogi hakunyoosha mkono.

"Sema sasa, mwanangu," alisema bibi.

Svilen alikunjua ulimi wake uliomlisha miaka yote, akaukuta mzito. "Bwana Gero Stamenov," alianza, "alikuwa dereva wa tramu. Alikuwa..."

"Hilo tunalijua," alisema Bwana Evlogi toka nyuma, kwa upole. "Sema lile jingine. La Kiingereza. Mbona leo umeligeuza?"

"Lipi?" aliuliza Bibi Tsonka.

"Mwenyewe analijua."

Mgeni mmoja, kijana mrefu, aliona watu wamekwama na akataka kusaidia. Aliweka viganja nyuma ya masikio yake, akaizungusha shingo polepole, akatabasamu kwa wote. Alikuwa ameisoma habari mtandaoni. Bibi Tsonka alimwona akatabasamu pia. "Ehe, masikio," alisema. "Alikuwa nayo kweli, masikini."

Tabasamu lile ndilo lililommaliza Svilen. Alishusha mwavuli.

"Bibi, nilikuwa nawaambia alikuwa mpelelezi," alisema. "Kila siku. Nilikuwa nawaambia alisikiliza majirani akawapeleka kwa serikali. Ndiyo maana walikuwa wanacheka. Sikumjua mumeo. Sikuwahi kupanda tramu yake. Niliona masikio kwenye picha nikatunga, ili wageni wacheke, wanipe pesa." Aligeuka kwa majirani. "Hakuna aliyeniambia. Sijaona faili, sijasikia popote. Bwana Evlogi, nilikudanganya kule bombani. Uliniuliza nani kakuambia, nikasema watu. Hakuna watu. Ni mimi tu."

Tramu ilipita mwisho wa kichochoro, ikapiga kengele. Wadenmaki walitazamana, hawakuelewa neno, lakini uso wa mtu mwenye aibu hauhitaji mkalimani.

Bwana Evlogi ndiye aliyesogea kwanza. Alipita katikati ya majirani, akachukua kikombe cha ngano mwenyewe juu ya sinia. "Mungu amsamehe Gero," alisema. Halafu, taratibu zaidi, "Tsonka, na mimi." Nyuma yake mwingine akasema, na mwingine. Walikula wakiwa wameinamisha vichwa, wazee wale, kama watoto walioshikwa na mwalimu.

Bibi Tsonka hakuwatazama. Alikuwa amengojea siku hiyo zaidi ya nusu ya ndoa yake, na sasa ilikuwa inapita pembeni mwake bila yeye kuiona. Alikuwa anamtazama Svilen.

"Kila siku?" aliuliza.

"Karibu kila siku, bibi."

"Na mimi nilikuwa napunga mkono."

Svilen alivua kofia.

"Nilikuwa navaa sweta lile lile," alisema bibi, "ili mnijue."

"Nisamehe, bibi."

Bibi alichukua kikombe akampa. Svilen akakipokea, akasema yanayosemwa, kwa sauti ya chini.

"Sikukusikia," alisema bibi. "Na mimi masikio yangu ni madogo."

"Mungu amsamehe," alisema Svilen kwa sauti, akala mpaka punje ya mwisho, maana bibi alikuwa anamngoja amalize. Kisha akanyoosha mkono kwenye karatasi. "Acha niibandue hii, nikakuchapishie nyingine. Jina langu halifai kukaa hapo."

"Toa mkono."

"Bibi, hayo maneno si kweli."

"Karatasi ya marehemu haibanduliwi na mtu. Si ndivyo unavyowaeleza wageni?"

"Ndivyo."

"Basi hilo moja angalau liwe kweli." Akabeba sinia lake akaingia ndani. Bwana Evlogi alimshikia mlango, na bibi akapita bila kusema ahsante.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha mfululizo, mvua ya kwetu ya kabla ya theluji, isiyo na haraka. Svilen aliirudia njia yake ya zamani. Hakuna aliyemlazimisha, aliona tu kwamba kukwepa tena kungekuwa uongo mwingine. Karatasi nyingine zote ubaoni zilikuwa zimelowa na kuchakaa, nyuso za wazee zimechuruzika mpaka kwenye kizingiti. Ya Bwana Gero ilikuwa kavu ndani ya nailoni yake, masikio yamesimama, na jina chini yake linasomeka toka ng'ambo ya kichochoro.

Aliwaeleza wageni desturi ya karatasi, akanyamaza, akawaacha na ukimya. Alikuwa ameshageuka kuondoka mama mmoja alipoionyesha ile kavu. Kwa nini hii imefunikwa, aliuliza, na imeandikwa nini?

Svilen angeweza kusema chochote. Kichochoroni hakukuwa na wa kumbishia, ila pazia jeupe la ghorofa ya chini, na nyuma ya pazia alijua yupo mtu anayesikiliza. Akawafasiria, neno kwa neno: jina la marehemu, mwaka mmoja bila yeye, mkewe Tsonka, na mstari wa mwisho wote, mpaka kwenye jina lililokuwa limeandikwa pia kwenye kitambulisho shingoni mwake.

Wageni wakasoma kitambulisho, wakasoma karatasi, wakaelewa walivyoelewa. Mama yule alikuwa na machozi. Akaanza yeye, wengine wakafuata, na kichochoro kizima kikajaa makofi ya kumpigia Svilen Tashkov.

Aliinua macho juu. Dirisha la ghorofa ya pili lilikuwa wazi, na Bibi Tsonka alikuwa amesimama, na sweta lake la zambarau, mikono yote miwili juu ya kizingiti cha dirisha. Wageni walimpungia. Hakupunga.